Gemu Ikikuambia Uzime Faiwoli, Kataa

Jumamosi moja, mwendo wa saa nane mchana, nilikuwa kwenye saiba moja hapa Kinoo nikingoja karatasi zangu zitoke kwenye printa. Kompyuta nne, benchi moja, na dirisha dogo la wakala wa pesa. Kijana wa shule alikuwa ameleta gemu ya mpira kwenye flashi, anajaribu kuiweka. Ikakataa. Akajaribu tena, skrini ikawa ya bluu, mashine ikajizima na kujiwasha.

"Umeniharibia mashine?" mama mwenye duka akauliza kutoka dirishani.

"Hapana, mathe. Ni faiwoli inasumbua. Hapa wameandika uzime antivirusi na faiwoli kwanza, ndiyo ikubali."

Mama alikuwa na foleni ya watu watano. "Basi zima. Bora isinikalie hapo ikiwa imekufa."

Kijana akazima. Gemu ikafunguka, wenzake wakashangilia, na mimi nikachukua karatasi zangu nikaenda. Nilijua kilichofanyika si kizuri, lakini nilinyamaza kwa sababu mashine si yangu. Hadi leo najilaumu.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia simu. Barua pepe ya biashara yake ilikuwa haifunguki, mtu alikuwa amebadilisha nywila. Ni barua pepe hiyo hiyo inayopokea taarifa za tili yake. Bahati yake ni kwamba alipigia huduma kwa wateja siku ile ile, na akaunti ikafungwa kwa muda kabla pesa haijaguswa. Fundi alipokagua kompyuta zake alikuta kwenye moja programu ya kuzuia virusi haipo. Si kwamba ilikuwa imezimwa, ilikuwa imetolewa kabisa. Na hiyo ndiyo mashine aliyokuwa akifungulia tovuti ya tili kila jioni akifunga hesabu.

Maoni yangu ni haya, na najua vijana wengi na mafundi wengine hawatayapenda: kuzima ulinzi si kutengeneza kompyuta. Kama mashine inapitiwa na mambo ya pesa, hakuna gemu inayostahili kuzimiwa faiwoli, hata kwa dakika tano.

Soja wa geti

Faiwoli ni kama soja wa geti kwenye ploti. Wapangaji wakitoka kwenda kazini hawasumbui. Mgeni akigonga geti na hakuna mpangaji aliyesema anamngoja, anasimamishwa nje. Windows imekuwa ikija na faiwoli ikiwa imewashwa tangu 2004, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi hadi leo bila wewe kuigusa: kinachotoka ndani kinaruhusiwa, kinachokuja kutoka nje bila kuitwa kinazuiwa.

Sasa fikiria hapo kidogo. Gemu nyingi za mtandaoni zinatoka zenyewe kwenda kutafuta seva. Ni mpangaji anatoka, na soja hana shida naye. Kwa hivyo gemu halali ya kuchezwa mtandaoni kwa kawaida haihitaji uzime chochote.

Inapohitaji ruhusa ni pale kompyuta mbili za saiba zinachezeana. Moja inakuwa mwenyeji, nyingine inakuja kubisha hodi. Hapo Windows inakuonyesha kidirisha kinachouliza kama uiruhusu gemu hiyo kwenye mtandao wa faragha au mtandao wa umma. Weka tiki kwa ule wa faragha pekee, ruhusu, basi. Umemwambia soja amfungulie mgeni mmoja unayemjua. Kuzima faiwoli nzima ni kumwambia soja aende kwao alale na geti libaki wazi, ati kwa sababu unangoja mtu wa kuleta maji.

Ila jihadhari na kitu kimoja. Kama wateja wako wanatumia Wi-Fi ile ile ya kompyuta zako, basi huo mtandao unaouita wa faragha una kila mtu ndani. Rauta nyingi zina sehemu ya kuwatengea wageni mtandao wao. Itumie.

Magonjwa mawili, dawa tofauti

Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuchanganya shida mbili. Faiwoli ikizuia gemu, dalili yake ni hii: gemu inafunguka vizuri, lakini haimpati mwenzako au haiunganishi na seva. Kompyuta yenyewe iko sawa. Lakini mashine ikiganda, ikizima ghafla au ikileta skrini ya bluu, kwa kawaida hiyo si faiwoli hata kidogo. Ukizima faiwoli kutibu skrini ya bluu, ni kama kutoa mlango wa nyumba kwa sababu paa linavuja.

Skrini ya bluu ina maandishi. Usikimbilie kuwasha tena, piga picha kwa simu kwanza. Ikisema MEMORY_MANAGEMENT, anza kwa kushuku RAM. Windows ina kifaa chake cha kuipima, andika "Windows Memory Diagnostic" kwenye sehemu ya kutafuta. Ikisema VIDEO_TDR_FAILURE, angalia draiva ya kadi ya picha, na uichukue kwa mtengenezaji mwenyewe: Intel, AMD au Nvidia. Kama hukuwahi kupiga picha, andika "reliability" pale pale kwenye sehemu ya kutafuta. Itatokea historia ya siku kwa siku ya kila programu iliyoanguka, na utaona kama shida ilianza siku ile gemu ilipowekwa.

Mengine hayahitaji hata kusoma. Kompyuta nyingi za saiba zetu ni zile zilizotumika ofisini ng'ambo zikaletwa huku. Zilitengenezwa kwa barua na hesabu. Ukizipa gemu nzito zinapata joto, na kama zimekaa sakafuni zikivuta vumbi la Waiyaki Way mwaka mzima bila kufunguliwa, joto halina pa kutokea. Mashine inajizima ili isiungue. Hapo dawa ni brashi na mtu wa kuipuliza vumbi. Stima ikipotea ghafla katikati ya gemu pia huharibu faili, na kuweka antivirusi mbili kwenye mashine moja huzifanya zigombane mpaka kompyuta igande.

Na ukiambiwa kuna faili ya DLL imekosekana, kwa mfano MSVCP140.dll, usiende kuipakua kwenye tovuti yoyote inayotokea. Hiyo ni sehemu ya Visual C++ ya Microsoft, na Microsoft wanaitoa bure.

Kwa nini maelezo yanakuambia uzime

Hapa ndipo ningetaka mwenye biashara asome polepole. Gemu iliyovunjwa kufuli huja na faili ya maelezo, na mstari wa kwanza huwa ni uzime antivirusi. Watakuambia antivirusi inakosea, inaona kivunja kufuli na kudhani ni kirusi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mwizi naye angeandika maneno yayo hayo. Wewe uliye kwenye kiti huna namna ya kuwatofautisha, na aliyekuwa akikusaidia kutofautisha ndiye unayeambiwa umzime.

Juni 2021 kampuni ya Avast ilitoa ripoti kuhusu programu hasidi iitwayo Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya gemu zilizovunjwa kufuli, zikiwemo Grand Theft Auto V, NBA 2K19 na Pro Evolution Soccer 2018. Yaani zile zile zinazozungushwa kwa flashi mtaani. Ikishaingia, iliiwasha kompyuta katika Safe Mode, hali ambayo antivirusi huwa hazifanyi kazi, ikazifuta, ikazima masasisho ya Windows, kisha ikaitumia mashine kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Avast walihesabu zaidi ya kompyuta 222,000 zilizoambukizwa duniani.

Kuchimba sarafu kunachosha kompyuta na kuipandisha joto. Kwa hivyo mwenye saiba anaona mashine inakuwa nzito, tokeni za stima zinaisha haraka, skrini ya bluu inarudi, na kijana anamwambia: "Ni faiwoli hiyo, zima tena." Ugonjwa unajiandikia dawa yake wenyewe.

Hiyo ilikuwa inachimba tu. Kuna zingine kazi yake ni kukusanya nywila zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari, pamoja na vidakuzi, zile faili ndogo zinazoiambia tovuti kwamba tayari umeingia. Mwenye vidakuzi vyako anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa nywila.

"Lakini PIN yangu iko kwenye simu"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Ni kweli, PIN unaiandika kwenye simu na haipiti kwenye kompyuta. Lakini hebu hesabu vinavyopita. Barua pepe ya biashara. Tovuti ya tili. Taarifa za mwezi. Na kama wewe ni saiba, vitambulisho vya wateja ulivyoskani na kuacha kwenye desktopu, na akaunti zao za KRA na eCitizen. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni watu wanapiga foleni kwako uwajazie ritani, wanakupa namba ya kitambulisho na nywila bila kuuliza. Namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ndivyo tapeli anavyovitafuta akitaka kujifanya mteja na kubadilishiwa laini ya simu. Akishapata laini, anaanza kazi ya kuifikia PIN.

Kwa hivyo si pesa yako peke yake iliyo kwenye mashine hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Lakini hata bila sheria, yule nyanya aliyekuletea kitambulisho ukitoe kopi alikuamini wewe, hakuiamini gemu.

Sisemi ufukuze vijana

Kuna wanaosema dawa ni kupiga gemu marufuku. Sikubaliani nao. Gemu inalipa kodi ya duka siku ambazo hakuna wa kupiga chapa, na kijana anayecheza kwako anaonekana na watu wazima. Shida ni gemu na pesa kulala kitanda kimoja.

Kama una mashine mbili au zaidi, moja iwe ya hesabu na hakuna mwingine anayeigusa. Kama unayo moja tu, na wengi wetu ndivyo tulivyo, fungua akaunti ya pili ya Windows isiyo na mamlaka ya msimamizi, na wateja watumie hiyo. Kijana hataweza kuzima antivirusi hata akitaka, kwa sababu ataulizwa nywila yako. Nywila hiyo usimpe hata mpwa wako. Mambo ya tili yafanyie kwenye simu, na usihifadhi nywila yoyote kwenye kivinjari cha mashine ya wateja. Faili za wateja zifute jioni, na utoe pia kwenye pipa la taka.

Kuhusu gemu zenyewe, siku hizi zipo halali za bure. Hata ile PES ya zamani, tangu 2021 mrithi wake ni eFootball, na haiuzwi. Iko Steam, unaipakua bila kuvunja kufuli ya mtu.

Pia jua kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine ambayo haipati tena masasisho ya usalama isiwe ile ya kuingilia kwenye mambo ya pesa.

Na kama ulishazima, usione haya, ila usingoje. Chomoa intaneti kwenye mashine hiyo. Chukua kifaa kingine kilicho salama ubadilishe nywila, ukianza na barua pepe, na utoke kwenye vifaa vyote vilivyoingia. Tupigie simu tuangalie akaunti yako pamoja, na upitie taarifa yako mstari kwa mstari. Ukipigiwa na mtu anayesema anatoka kwetu na anataka PIN, kata, kwa sababu sisi hatuiulizi. Kisha fundi aifute mashine na kuweka Windows upya. Kuwasha antivirusi tena peke yake hakutoshi, maana aliyeingia geti likiwa wazi bado yuko ndani.

Yule mama bado ana saiba, na vijana bado wanacheza. Juu ya kila skrini amebandika karatasi aliyoandika kwa mkono: "Gemu ikikataa, niite. Usizime kitu." Juzi nilimkuta kijana ameinua mkono, anamngoja amalize foleni. Alingoja dakika kumi hivi. Hakuna mtu aliyekufa.