Tope Kavu Darasani

Katika shule nyingi za sekondari mwanafunzi huijua amiba kwa mchoro tu. Huichora kwa penseli, huandika majina ya sehemu zake, hufaulu mtihani, na huondoka shuleni asipate kuiona hata mara moja. Sababu itolewayo ni uhaba wa vifaa. Sababu hiyo ina ukweli, lakini kwa viumbe wadogo wa maji baridi haina nguvu kubwa kama inavyodhaniwa.

Uchukuliwe mfano wa Lupaso, wilayani Masasi. Kusini-mashariki mwa Tanzania mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili hivi. Juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, udongo wa kichanga huyanywa maji upesi. Mabondeni madimbwi hudumu miezi michache, kisha hukauka na kuacha ardhi iliyopasukapasuka. Mtu angedhani kwamba mahali pa namna hiyo hapafai kwa somo la viumbe wa majini. Sivyo hata kidogo. Ndani ya tope lile kavu mna mayai ya viroboto-maji yenye maganda magumu, pamoja na vijidudu vidogo zaidi vilivyojikunyata vikingoja mvua. Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliligundua jambo hilo mwaka 1702: alitia maji katika vumbi la mfereji wa paa, na muda si muda viumbe ambao leo huitwa rotifera wakaanza kuogelea. Hakuwa na shahada yoyote, na hadubini yake ilikuwa ya lenzi moja aliyoisugua mwenyewe.

Basi tope la Septemba, vikombe viwili, litiwe katika chombo cha kioo pamoja na maji ya mvua, liwekwe penye mwanga pasipo jua kali. Kwanza bakteria huongezeka na maji huwa kama yenye ukungu. Kisha huja paramesiamu na wenzake wawalao bakteria. Kisha wanaowala hao. Viroboto-maji wakianguliwa huonekana kwa macho, na chini ya hadubini hafifu kabisa moyo wao hudunda waziwazi.

Iko hatari moja. Konokono wa jamii ya Bulinus, waenezao kichocho cha mkojo, huweza kukipitisha kiangazi matopeni wakiwa hai. Kwa hiyo tope livunjwevunjwe na kuchekechwa lingali kavu, konokono waondolewe kwa kijiko, na mikono isitumbukizwe majini. Mwalimu asiifiche hatari hiyo. Mwanafunzi aliyekwisha kuona jinsi tone lionekanalo tupu lilivyojaa wakazi hahitaji kushurutishwa kuamini kwamba dimbwi safi machoni laweza kuwa na lava wapenyao ngozi.

Walimu husema kwamba muhtasari wa masomo umejaa. Chombo hiki hakidai kipindi. Chadai dakika kumi kila asubuhi na daftari moja. Lililobaki ni la watungaji wa mitihani: siku watakapomtaka mwanafunzi aeleze alichokiona siku ya tano na siku ya kumi na mbili, vyombo vya kioo vitajipanga madirishani mwa madarasa bila waraka wowote.