Mpeni wa saizi yake!

Wiki hii nawaleteeni ubishi wa vijiwe vya huku Kharumwa: eti bondia wa kulipwa aruhusiwe kuzichapa na wa ridhaa kwenye mashindano ya kimataifa? Washikaji wanasema ngumi ni ngumi tu. Mimi nasema thubutu!

Mjue hili si jambo la kufikirika. Juni 1, 2016, AIBA, shirikisho lililokuwa likisimamia ngumi za ridhaa duniani, lilipiga kura wa kulipwa waingie Olimpiki. Kura 84 kati ya 88 zikasema ndiyo. WBC wakaja juu, wakidai ni hatari. Kule Rio, Agosti hiyohiyo, wakatokea watatu tu: Hassan N'Dam wa Cameroon, Amnat Ruenroeng wa Thailand na Carmine Tommasone wa Italia. Matokeo? Hakuna aliyeondoka hata na shaba! N'Dam, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alitolewa pambano la kwanza tu na Mbrazili Michel Borges.

"Si umeona? Ridhaa wanawamudu!" Taratibu jamani. Ridhaa ni raundi tatu, unamwaga ngumi kengele hadi kengele. Pambano la ubingwa wa kulipwa ni raundi 12. Mtu anakusoma kwanza, anakuchosha, ndipo anakumaliza. Rio hawakuwa na muda huo. Halafu waliowatoa hawakuwa watoto. Lázaro Álvarez wa Cuba, aliyemtoa Tommasone, alikuwa tayari bingwa wa dunia wa ridhaa mara tatu.

Sasa mlete kijana wetu. Anashinda duarani akigonga mwamba kwa nyundo na moko, jioni ndiyo anafanya mazoezi. Mwili chuma, hapo sibishi. Lakini mapambano yake ni manne, matano. Kumpa mtu mwenye mapambano 30 ya kulipwa ni sawa na kumshindanisha mchimbaji mdogo na mgodi wenye mitambo. Tofauti ni kwamba hapa kinachogongwa ni kichwa. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988. Julai 1994 alifariki Las Vegas baada ya pambano la kulipwa. Kama yule mwenye dhahabu yalimkuta, huyu wetu je?

Kila ulingo una wenyewe. Birmingham, mwaka 2018, Hassan Mwakinyo alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili katika ngumi za kulipwa. Mji huohuo, mwaka 2022, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakatuletea shaba za ridhaa za Jumuiya ya Madola. Wote wametutoa kimasomaso, kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo kama ni lazima kuchanganya, kipimo kisiwe nani analipwa, kiwe nani kapigana mara ngapi. Na wakubwa wa ngumi wawape vijana wa ridhaa mapambano ya kutosha, si Dar tu, hata Kanda ya Ziwa. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na haikudondoka kutoka mbinguni.

Unayeniona mwoga, glovu zipo. Panda wewe! Tukutane wiki ijayo.