Kujaza kartushi nyumbani: video inaonyesha mikono tu

Katika vijiji vingi vya pori, duye tupu ya kalibre 12 haitupwi. Mwindaji akisha piga, anaiokota, anaifuta udongo, anaitia mfukoni. Siku kartushi mpya zinakosa sokoni, ama bei inapanda mpaka haifai tena kwa mutu anayetafuta mboloko mbili za kulisha nyumba, anaziangalia zile duye na kujiuliza: hizi siwezi kuzijaza mimi mwenyewe?

Swali hilo si la ujinga. Marekani, na katika nchi kadhaa za Ulaya, kujaza masasi ya kuwindia nyumbani ni jambo la kawaida. Watu wanaifanya mezani siku ya mapumziko, na sheria ya kwao inawaruhusu. Vijana wetu wanaona video kwenye simu: muzee amevaa miwani, anavuta mkono wa mashine ndogo, na masasi yanajipanga moja moja kwenye sanduku. Inaonekana rahisi kama kukoboa mahindi. Shida inaanzia hapo, juu video inaonyesha mikono tu. Kile kilicho nyuma ya ile mikono hakionekani.

Tuseme kwanza kartushi ni nini. Kuna ganda, ndiyo duye. Kuna amorsi, kile kidude kidogo cha nyuma kinachogongwa na bunduki. Kuna baruti. Kuna risasi yenyewe, ama zile plombi ndogondogo, na kwenye kalibre 12 kuna pia kizuizi kati ya baruti na plombi. Kiwandani kila kimoja kimechaguliwa kiende na kingine. Ukibadilisha kimoja tu, umetengeneza kartushi nyingine ambayo hakuna aliyeijaribu.

Mwanafunzi wa kule akianza, kitu cha kwanza anachonunua si baruti. Ni kitabu cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji wa baruti, ambao wamepima kila mchanganyiko kwa vyombo vya maabara. Anafuata na mizani inayosikia sehemu moja ya kumi ya greni, yaani kama miligramu 6.5. Mizani ya sokoni ya kupima dhahabu inaweza kukaribia hapo, lakini mizani bila kitabu haimwambii kitu. Na baruti yake iko ndani ya kopo la kiwanda, lenye jina na namba. Kopo likipoteza karatasi yake, ile baruti inatupwa, hata kama imejaa. Hiyo ni kanuni ya siku ya kwanza.

Hapa kwetu baruti inafika namna gani? Ndani ya mfuko wa plastiki, bila jina. Mara nyingine imetolewa ndani ya masasi ya vita. Mutu anakuambia: baruti ni baruti, moto ni moto. Hapo ndipo watu wanapoteza vidole na macho.

Kosa hilo lina historia yake, na inafaa kuielewa. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba wa Bruxelles juu ya utumwa na biashara ya silaha Afrika. Yalikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara, na Congo ilikuwa ndani. Kilichoachwa kipite ni bunduki za jiwe zisizo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ile nyeusi. Ujuzi wa bunduki za kushindilia kwa mbele ulikaa vijijini pamoja na baruti hiyo. Baruti nyeusi ni chafu, ina moshi mwingi, lakini nguvu yake inapanda kwa kiasi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa. Ukiiwasha wazi inaungua polepole, unaweza kuidharau. Ukiifungia ndani ya chuma, inajiongezea nguvu yenyewe kufumba na kufumbua. Na aina zake ni nyingi sana: mbili zinaweza kufanana rangi na umbo, moja ikaungua haraka mara kadhaa kuliko nyingine. Macho hayawezi kuzitofautisha, hata macho ya fundi.

Kwa wale wanaopenda hesabu: tairi ya pikipiki inabeba presha ya bar 2 hivi. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufika bar 740. Lisasi ya Kalashnikov inafika mpaka bar 3,550. Sasa chukua baruti iliyotengenezwa kwa ajili ya mtutu wa namna ile, uitie ndani ya bomba la chuma ambalo fundi wa kijiji amelifanya kuwa bunduki. Fundi huyo anaweza kuwa na akili sana ya kazi, lakini hana namna ya kupima chuma chake. Kule Liège, Ubelgiji, kila mtutu unapigishwa kwanza kartushi yenye nguvu kupita kawaida, tena mutu akiwa mbali, ndipo unapigwa muhuri. Mtutu wa kijijini unajaribiwa karibu na shavu la mwenyewe.

Wengine watasema: basi nitaweka kidogo tu, nitakuwa salama. Hapana. Baruti ikiwa kidogo mno, risasi ama kile kizuizi kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Mwindaji anasikia sauti ndogo, anafikiri kartushi ilikuwa mbovu, anaingiza nyingine, anapiga. Hapo njia imezibwa, na bunduki inafunguka mikononi. Kwa hiyo ukisikia mlio usio wa kawaida, simama. Usipige tena mpaka umetoa kartushi na umeona mwanga upande wa pili wa mtutu. Na kartushi ikigoma kabisa, elekeza bunduki mahali pasipo na mutu, ngoja dakika nzima kabla ya kufungua. Kuna amorsi zinazochelewa.

Kuna hatari nyingine ambayo haipigi kelele. Plombi mara nyingi inayeyushwa kutoka betri za zamani za gari, jikoni, na pengine ndani ya sufuria ileile itakayorudi kupika sombe. Moshi na vumbi ya risasi vinaingia mwilini na havitoki upesi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwenye akili na ukuaji wake, na mama mjamzito anampitishia mtoto aliye tumboni. Baba anaweza kupika plombi miaka kumi na asijue juu ya nini mtoto wake anachelewa shuleni. Basi kama kuna jambo moja la kuacha leo hii, ni hilo la jikoni.

Tuje sasa upande wa sheria, maana huko pia mwindaji anajikuta peke yake. Sheria ya kuwinda ni ya tarehe 28 mei 1982. Inajua kwamba mwanakijiji anawinda: kuna kibali cha mashambani, na kuna kibali cha pamoja kwa ajili ya kijiji. Silaha na masasi ziko chini ya sheria nyingine, ya tarehe 3 septemba 1985. Hizo ni karatasi mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya. Kibali cha kuwinda hakikupi ruhusa ya kushika bunduki. Na karatasi ya kushika bunduki haigeuki kuwa ruhusa ya kutengeneza masasi. Juu ya hizo kuna Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa 2010 na kuanza kazi 2017. Huo hauangalii bunduki tu, unaangalia pia masasi na vipande vya kuyatengenezea.

Kwenye karatasi, yote hayo yana maana. Lakini mashariki tuko wapi? Tangu mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya état de siège, mamlaka mikononi mwa wanajeshi na polisi. Mutu akikamatwa kwenye barieri na duye ishirini, kopo la amorsi na mfuko wa baruti ya vita, nani atamwamini kwamba alikuwa anafuata mboloko? Askari anaona mutu wa kundi lenye silaha. Na tuwe wakweli: askari hakosi sababu ya kushuku. Kila lisasi ya vita inayofunguliwa kwa kutoa baruti yake ilitoka kwenye ghala la mutu fulani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kuhusu masasi ya jeshi yanayovuja kwenda kwa makundi. Vikwazo vya silaha vya Baraza la Usalama, vilivyoanza 2003, viliondolewa juu ya serikali kidogo kidogo, ila kwa wasio wa serikali bado viko. Mwindaji mwenye kopo lake anaingia ndani ya biashara hiyo bila hata kujua.

Ndiyo maana kumwambia tu "acha, ni hatari" hakutoshi. Kartushi halali inayojulikana zaidi Afrika ya Kati, ile yenye maandishi MACC, inatengenezwa Pointe-Noire, kando ya bahari ya Atlantiki. Kutoka kule mpaka Bunia ni zaidi ya kilometa 2,000 kwa mstari ulionyooka, na sisi hatuna barabara zilizonyooka. Kila mkono inamopitia unaongeza kitu kwenye bei. Mahali ambapo njia halali imefungwa na vita ama na magendo, duye tupu inapata thamani. Serikali ikitaka ile kopo la baruti litoke chini ya kitanda, ina kazi mbili za kufanya pamoja: kufunga mdomo wa ghala la jeshi, na kufungua ofisi ambako mwindaji wa kweli anaandikishwa, yeye na bunduki yake, kwa bei ambayo mkulima anaweza kulipa. Mpaka sasa tumesikia zaidi juu ya kunyang'anya silaha kuliko juu ya kuandikisha.

Katika pori la Ituri, Bambuti wanawinda na nyavu: wanaume wanazitandika, wanawake wanafukuza nyama kuelekea huko. Hawahitaji amorsi wala baruti. Njia hiyo nayo ina masharti yake, zaidi ndani ya Hifadhi ya Okapi, ambako kuna wanyama wasioguswa kabisa na maeneo yasiyowindwa. Uliza ofisi ya Mazingira ya teritwari yako kabla ya msimu, na uulize kwa majina ya wanyama. Kuhusu bunduki, uliza swali la pili kando, kwa wakubwa wa utawala, na ile karatasi watakayokupa uisome mpaka mwisho.