Mashini Haijiwashi Yenyewe

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo sitawaeleza habari ya malaria wala ya maji ya kuchemsha. Nitasema juu ya chombo ambacho wengi wenu mnakiona mkononi mwa fundi wa umeme, na hamkiogopi kwa sababu hakina meno wala kelele. Ni ordinateri ya mkononi. Mtaniuliza: msaidizi wa muganga anatafuta nini katika ordinateri za mafundi? Ninajibu: vidole vilivyopondwa haviletwi kwa fundi. Vinaletwa kwangu.

Wakati wa kuandika sababu ya ajali katika kitabu cha dispanseri, ninasikia mara kwa mara maneno yale yale: "Andika tu, mashini ilijiwasha yenyewe." Mimi siyaamini tena, na ninaomba tuache kuyaandika. Mashini haina roho. Ikizunguka, kuna aliyeiamuru. Siku hizi anayeiamuru anaweza kuwa mbali, nyuma ya ukuta, na ordinateri juu ya magoti.

Tuelewane kwanza juu ya otomati. Zamani mkanda wa kubeba mawe, pampu na kinu viliongozwa na rilei nyingi zilizofungwa ndani ya kabati kwa nyaya. Ukitaka kubadili kazi ya mashini, ulibadili nyaya. Mwaka 1969 kampani ya Modicon, huko Marekani, ilitoa otomati yake ya kwanza kwa ajili ya kiwanda cha magari cha General Motors. Tangu hapo kazi ya rilei inafanywa na kisanduku kimoja kinachofuata maagizo yaliyoandikwa. Pupitri, yaani kile kioo chenye vitufe mnachobonyeza, inaongea na otomati. Ordinateri ya fundi pia inaongea nayo, lakini yenyewe ina nguvu kuliko pupitri: inaweza kubadili maagizo, na inaweza kulazimisha mota izunguke hata kama masharti mengine yote yanasema isizunguke.

Hapo ndipo hatari ilipo. Katika kampani moja nilikotumika zamani, ambayo jina lake sitalitaja, kijana mmoja alikuwa anatoa udongo uliogandamana kwenye roli ya nyuma ya mkanda. Mkanda ulikuwa umesimama. Kapita alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye pupitri, taa ikawa nyekundu, akamwambia kijana, "Ingia." Fundi alikuwa katika chumba cha makabati, na katikati yao kulikuwa na ukuta. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu kwenye roli. Alikuwa anatafuta kwa nini mota ilikuwa inasitasita tangu asubuhi, akailazimisha kwa ordinateri kwa sekunde chache tu, aone. Kijana aliletwa mkono wake umefungwa kwa shati. Vidole viwili havikuokolewa. Katika kitabu waliandika yale maneno ninayoyachukia.

Nani alikosa? Wengi walimlaumu fundi. Mimi nasema ile taa nyekundu iliwadanganya wote. Ndugu mfanyakazi, shika neno hili: kitufe cha kusimamisha kwenye pupitri si kufuli. Ukikibonyeza, unaiomba otomati isimamishe mota. Mtu mwingine mwenye ordinateri anaweza kuiomba kinyume, nayo itamtii. Katika otomati nyingi lile agizo la kulazimisha linabaki hata fundi akichomoa waya na kwenda kula. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono wako, umeme wa mota wenyewe ukatwe kwenye swichi kubwa. Ufunge swichi hiyo kwa kufuli lako, uweke kadi yenye jina lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Usimpe kapita ufunguo huo, wala rafiki yako. Kisha jaribu kuwasha mashini. Ikinyamaza, ingia. Mkiwa watu watano, kufuli ziwe tano.

Najua mtasema, "Kufuli hazitoshi." Ni kweli, katika kazi nyingi hazitoshi, na hilo ni deni la kampani, si lenu. Kufuli moja ni bei ndogo sana kuliko kidole.

Kuna mambo yaliyotokea mbali ambayo yanatuhusu. Mwaka 2010 iligunduliwa virusi ya ordinateri iliyoitwa Stuxnet. Iliweza kusafiri ndani ya flashi, ikaingia katika otomati za Siemens huko Natanz, nchini Iran, ikabadili mwendo wa mashini zinazozunguka kwa kasi, na wakati huohuo vioo vya wasimamizi vilionyesha kwamba kila kitu ni kizuri. Fikiri: unatazama pupitri, inakwambia amani, na mashini inaharibika. Mwaka 2017, katika kiwanda cha mafuta na kemikali huko Saudi Arabia, wavamizi walifikia mpaka otomati za usalama, zile zinazosimamisha kiwanda wakati wa hatari. Otomati hizo zina ufunguo wa kugeuza, na ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye alama ya kuandika programu. Otomati nyingi zina ufunguo wa namna hiyo. Kazi ikiisha ugeuzwe, utolewe, na kapita autie saini.

Msiseme mambo hayo ni ya Wazungu na Waarabu. Kule Kibali, katika Haut-Uele, mgodi wa dhahabu ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, kuna mashini za kuchota mawe chini ya ardhi zinazoongozwa na mtu aliyeketi juu kwenye kiti. Kazi ya namna hiyo inakuja kwetu pia, na mimi siipingi. Mtu aliye juu haangukiwi na jiwe. Ninachopinga ni fundi kuunganisha ordinateri bila mtu kusimama kwenye mashini, akimwona kwa macho na kusikilizana naye. Tena napinga zaidi mtindo huu mpya wa mtu kuingia katika otomati kwa njia ya intaneti kutoka mji mwingine, wakati watu wa hapa hawajui kama ameingia au ametoka.

Sasa nageukia nyumbani. Wamama, ordinateri ya kazi inarudi jioni Butembo au Beni. Watoto wanaitaka kwa filamu. Kijana wa jirani analeta flashi yenye nyimbo kutoka duka la soko, ile iliyochomekwa katika ordinateri mia moja kabla ya hiyo. Asubuhi ordinateri hiyohiyo inachomekwa katika otomati ya kinu. Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 tulinawa mikono kwa klori kwenye kila kizuizi, tukapimwa joto barabarani, na katika ugonjwa ule wa Ebola wandugu zetu 2.287 walikufa. Kulikuwa na watu waliocheka klori. Virusi ya ordinateri haimpi mtu homa, lakini njia yake ni ileile: kitu kichafu kinachogusa kitu safi kwa sababu tulikuwa na haraka.

Kumkaripia fundi hakutoshi. Mara nyingi anatumia ordinateri yake mwenyewe kwa sababu kampani haikumpa nyingine, na programu aliinakili kwa rafiki. Nasema wazi, hata kama mashefu wanasoma: kampani inunue ordinateri moja ya kazi ya otomati tu, ilale katika kabati la ofisi, isiende nyumbani, isiingie intaneti. Nakala ya programu ya kila mashini iwekwe kando, ili ikiharibika tujue ilikuwaje.

Neno moja juu ya umeme wenyewe. Otomati nyingi hutumia volti 24 tu, na hapo fundi anajisikia salama. Lakini ndani ya kabati lilelile kuna volti 380 za mota. Nimewaona watu wameegemeza ordinateri kwenye mlango wa kabati uliofunguliwa, jasho kwenye mikono, jenereta inanguruma. Mwenzako akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Kama hapumui, sukuma katikati ya kifua kwa nguvu, kwenda chini sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika moja, na mwingine akimbie kutuita. Kama ameamka na kusema, "Si kitu," mleteni hata hivyo. Moyo unaweza kupiga vibaya baadaye.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inaitaka kampani iwe na komite ya usalama na usafi. Katika mkutano ujao wa komite yetu nitaleta kitabu cha ajali chenye mstari mpya: "Je, kulikuwa na ordinateri iliyounganishwa? Nani aliishika, na alikuwa wapi?" Wale wa zamu ya usiku, ambao hamfiki mkutanoni, pitieni dispanseri mnapotoka kazini mnieleze mnayoyaona. Si lazima niandike majina.