WAMERUDI MEZANI, NA WAANDALIZI JE?



Vilabu vya huduma vimerudi hotelini. Rotary, Lions na wenzao, wale mabwana na mabibi wenye beji kifuani na kengele mezani, ambao mwaka 2020 walifungiwa milango na ugonjwa wa korona kama sisi sote, siku hizi wanakutana tena uso kwa uso. Wanagonga kengele, wanapeana mikono, wanakula, wanamsikiliza mgeni wao akihutubia. Tumewaona kwa macho yetu, kwa maana sisi ndio tunaowapangia viti.

Kabla mtu hajasema kwamba chama cha wafanya kazi kina chuki na kila avaaye tai, twasema wazi kwamba tumefurahi kuwaona. Sahani moja inayoliwa hotelini ni kazi ya mpishi, ya mwosha vyombo, ya dobi anayepiga pasi vitambaa vya meza, ya mlinzi langoni, ya dereva anayeleta vitunguu kutoka sokoni alfajiri. Klabu ikikutana kwa Zoom kila mmoja hunywa chai ya nyumbani kwake, na sisi hatupati hata kikombe cha kuosha. Basi warudi, na waje wengi. Tunalolalamikia ni kwamba wao wamerudi, lakini wale waliokuwa wakiwahudumia hawakurudishwa.

Tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi ule haukwisha kabla ya kafyu kuanza, na Aprili Nairobi na Mombasa zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Hoteli zikafa ganzi. Baadhi ya wenzetu waliachishwa kazi papo hapo. Wengine, na hao ni wengi, waliletewa karatasi ya "likizo bila malipo" watie sahihi. Likizo ya kwenda wapi, na barabara zimefungwa? Walitia sahihi kwa sababu waliambiwa asiyetia sahihi ahesabu kazi yake imekwisha.

Tazameni ujanja uliomo ndani ya karatasi ile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka tajiri anayepunguza watu akiarifu chama mwezi mmoja kabla, na amlipe kila mtu mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Mtu aliyepewa "likizo" hajafutwa, kwa hivyo hakuna malipo ya kuachishwa. Wala hayuko kazini, kwa hivyo hakuna mshahara. Ananing'inia hewani kama kishada kilichonasa kwenye waya wa stima, na mwenye nyumba anabisha mlango kila tarehe 5.

Wakati huo vilabu vingi vya huduma vilifanya kazi nzuri, na haki yao hatuwanyimi. Viligawa unga, sabuni na matangi ya kunawia mikono. Lakini katika foleni za unga walikuwamo wenzetu ambao miaka nenda miaka rudi waliwamiminia chai watu wale wale wanaogawa. Mgawaji hakumtambua. Alikuwa amemzoea akiwa na koti jeupe na sinia mkononi.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Machi 2022 Serikali ikaondoa amri ya barakoa. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya hatari ya dunia nzima imekwisha. Wageni kutoka ng'ambo nao wakarudi, hata mwaka 2024 wakapita milioni 2, kushinda mwaka 2019 kabla ya ugonjwa. Matajiri walipolia mwaka 2020 kwamba biashara ni mbaya, walisema kweli, hatukatai. Lakini korona si pango ambalo mtu atajificha ndani yake maisha yake yote.

Na sasa mambo yakoje? Chukua hoteli moja ya mjini, ambayo hatuitaji jina kwa sasa, ambako klabu moja hula chakula cha mchana kila wiki. Zamani ukumbi ule ulikuwa na weita wa kudumu waliojua nani hali nyama, nani ana kisukari, nani hukaa karibu na dirisha. Leo jioni ya kabla ya mkutano kapteni anatuma ujumbe kwa WhatsApp: "Nataka watu 8, suruali nyeusi, shati jeupe, saa moja asubuhi." Wa kwanza kujibu ndio wanaopata. Wanafika, wanaandika majina kwenye daftari, wanapanga meza, wanahudumu, wanaondoa vyombo, na jioni wanatumiwa hela kwa M-Pesa. Hakuna karatasi ya mshahara, wala likizo, wala akiba ya uzeeni katika NSSF. Kibarua akichomwa na supu, hospitali ni juu yake. Na miongoni mwa hao vibarua 8 utawakuta wawili au watatu waliokuwa wa kudumu katika ukumbi ule ule hadi Machi 2020! Kazi ni ile ile, meza ni zile zile. Kilichobadilika ni malipo na heshima.

Mtu akishakuja wiki tatu mfululizo, simu yake inanyamaza. Anapumzishwa. Baada ya siku kumi anaitwa tena. Mwenyewe hudhani amemkosea kapteni, huenda hata akamtumia kitu kidogo ili akumbukwe. Hakumkosea mtu. Kuna hesabu inayopigwa ofisini. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi 3, ahesabiwe kuwa ni mfanya kazi wa mshahara wa mwezi, na haki zake zimfuate. Zile siku kumi za kimya ni mkasi wa kuukata mwezi usitimie.

Lakini mkasi huo unakata nusu tu ya kifungu. Soma ile nusu ya pili, ndugu, uisome mara mbili. Kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi 3! Klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, wakati Mwafrika alikuwa akiingia hoteli kubwa za mji huu kwa mlango wa jikoni, na kipande shingoni. Mkoloni amekwenda, kipande kimekwenda, na klabu ingali ipo. Chakula kinacholiwa kila wiki, mwaka hata mwaka, chaweza kuitwa kibarua? Basi na jua nalo ni kibarua, maana huja asubuhi likaondoka jioni.

Tutaambiwa: hayo ni mambo ya hoteli, klabu ni mteja tu, inalipa kwa kichwa na kwenda zake. Jibu hilo tungelikubali kutoka kwa mpita njia aliyeingia kunywa soda. Kwa watu hawa halifai, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni maneno yao wenyewe. Mwaka 1932 huko Chicago bwana mmoja, Herbert Taylor, alipewa kampuni iliyokuwa karibu kufilisika aiokoe. Akaandika maswali manne mafupi ya kuwaongoza watu wa kampuni katika kila neno na tendo. Mwaka 1943 Rotary ikayachukua yakawa yake, na mpaka leo wanachama wake huyatamka mikutanoni. La pili kati ya hayo manne huuliza kama jambo ni la haki kwa wote linaowagusa. Na kampuni ile ya Taylor ilikuwa ikiuza nini? Sufuria. Naam, sufuria za kupikia! Yaani maswali haya yametoka upande wa jikoni, na sisi twaomba tu yarudi huko yakaulizwe, hapo nyuma ya ukumbi, wakati vyombo vinaoshwa. Je, mwosha vyombo naye hajaguswa?

Ya pili ni kwamba wenye hoteli si wageni kwao. Kanuni ya zamani ya Rotary ilikuwa kuchukua mtu mmoja kutoka kila kazi: wakili mmoja, daktari mmoja, mwenye duka mmoja, ili kazi zote za mji zikutane mezani. Wazo zuri sana. Lakini kazi ya hoteli, ikiwa ina mtu mezani, ni meneja, na hatujapata kusikia ni weita. Kwa hivyo neno moja la rafiki kwa rafiki, kati ya supu na kuku, laweza kufanya zaidi ya barua zetu ishirini ambazo hujibiwa na katibu mhutasi kwamba "suala linashughulikiwa."

Wala wasituambie kwamba desturi zao hazibadiliki. Miaka mingi hawakuwa wakipokea wanawake. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua dhidi yao mwaka 1987, na mwaka 1989 wakafungua mlango dunia nzima. Mwaka 2016 waliruhusu vilabu kukutana kwa mtandao, na korona ilipokuja ruhusa hiyo ikawafaa sana. Mkutano wao mkuu wa 2020, uliokuwa ufanyike Honolulu, ulifanywa kwa mtandao. Wanaojua kubadili kanuni za dunia nzima hawashindwi kuongeza mstari mmoja katika barua ya kukodi ukumbi.

Wenyewe husema wamerudi kwa sababu kioo cha simu hakiwezi kuwa badala ya kuonana. Wana haki. Mwaka 1905 wale wanne wa kwanza walikutana katika ofisi ya mmoja wao huko Chicago, kisha wakawa wanazunguka ofisi hadi ofisi, na jina la Rotary likatoka katika kule kuzunguka. Walitaka urafiki katika mji wa watu wasiojuana. Hatuombi urafiki, lakini twaomba kuonwa. Ukiona afadhali kuvuka msongamano wa magari wa saa saba mchana ili uutazame uso wa mwenzako, basi inua macho umtazame na anayekuwekea sahani. Muulize anaitwa nani, ameanza lini, na wiki ijayo atakuwepo.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana jambo hili si la huruma tu. Wako wanachama wa kudumu wanaosema, "Hao ni vibarua, wana shida zao, mimi nina barua yangu." Barua yako, bwana, inasimama juu ya nini? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54, yasema tajiri atakitambua chama kikiwa na wengi, yaani zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuingia chamani. Ada ya chama hukatwa katika mshahara. Kibarua wa M-Pesa hana mshahara wa kukatwa, kwa hivyo hayumo katika daftari letu. Kila weita wa kudumu anayeondoka, nafasi yake ikachukuliwa na vibarua wa WhatsApp, daftari linapungua jina moja. Siku vibarua hao watakapohesabiwa kuwa wafanya kazi na sisi tukawa chini ya nusu, tajiri atasimama aseme hatutambui. Mkataba wenu wa pamoja, pamoja na nyongeza ya nyumba, likizo na posho ya safari, utakwenda na maji. Hapo ndipo mwenye barua atakapojua kuwa yeye na kibarua walikuwa wamekaa kwenye tawi moja la mti.

Basi twawaambia vilabu hivi hivi. Mnapokodi ukumbi, mnauliza kuhusu vipaza sauti, maegesho ya magari na kama kuna chakula cha wasiokula nyama. Ulizeni pia: watakaotuhudumia, wangapi wameajiriwa kwa mwezi? Waliokuwa hapa kabla ya Machi 2020 wameitwa kwanza? Ile ada ya huduma inayoandikwa chini ya bili inamfikia nani? Mtake jibu kwa maandishi. Hoteli itakayojibu vizuri mpeni kazi yenu, na sisi tutaisifu katika gazeti hili kwa jina. Itakayonung'unika, mji huu una kumbi nyingi.

Na ninyi mnaoitwa kwa ujumbe wa usiku: msifute ujumbe huo. Kila "njoo kesho" ya kapteni ni ushahidi wa siku uliyofanya kazi, na kila M-Pesa iliyoingia ina tarehe yake. Nunua daftari la shule, andika siku, ukumbi, saa ya kuingia na ya kutoka, na jina la shughuli. Siku za kimya ziandike pia. Wale mliotia sahihi karatasi ya likizo mwaka 2020 na bado mna nakala, ileteni hata kama imechanika. Ofisi ya tawi hufunguliwa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Usiogope kuja kwa sababu hujalipa ada, utapokewa. Mwite na mwenzako uliyehudumu naye meza moja, kwa maana ushahidi wa watu wawili juu ya meza ile ile ni vigumu kuukana.

Barua kwa vilabu imekwisha kuandikwa. Tunangoja madaftari yenu ndipo tuipeleke.