Milango Miwili ya Uraia

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walinena wahenga. Je, mgeni aliyeoa au kuolewa Meru au Embu, akalishika jembe hilo miaka na mikaka, huwa mwenyeji lini? Katiba ya 1963 ilimpa mke mgeni wa Mkenya haki ya kuomba uraia, ikamnyima mume mgeni. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo: Kifungu cha 15 humpa haki ya kusajiliwa yeyote aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba. Kifungu hicho kina mlango wa pili: kuishi nchini kihalali miaka saba mfululizo.

Ndoa ikivunjika katika mwaka wa sita, mlango wa kwanza hufungwa. Wa pili husalia wazi, maadamu kibali chake cha kuishi nchini ni halali. Lakini sheria ya uraia ya 2011 humtaka aelewe na azungumze Kiswahili au “lahaja ya mahali”. Mwanaisimu atauliza: Kimeru na Kiembu ni lahaja za lugha gani? Tena kipimo cha umilisi huo kitungwe na nani, kama si wataalamu wa Kiswahili?

Naona anayeungojea mlango wa ndoa asikae bure, bali ajifunze Kiswahili mapema. Nasi wanachama tumfungulie madarasa ya jioni. Kumwachia mgeni huyu kazi hiyo peke yake ni kumpa jembe lisilo mpini.