Jamani, Mimi Si Bingwa, Nimepewa Beji Tu

Wapendwa, niko huku Abu Hamour. Najua nimeadimika, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Leo Ijumaa nimepumzika, chai ya tangawizi iko mezani, na nimekaa kujibu swali lililojaa kwenye simu yangu wiki nzima: "Zawadi yenyewe shilingi ngapi?"

Kwa ambao hamjui kisa, niliwatumia picha nikiwa na beji kifuani imeandikwa "Hand Hygiene Champion". Mama akasoma neno la mwisho tu, basi, akawatangazia majirani kwamba binti yake amekuwa bingwa Uarabuni. Baba mdogo akauliza kombe liko wapi. Binamu mmoja (simtaji, anajijua!) akaleta ombi la ada ya chuo siku hiyo hiyo.

Hakuna kombe jamani. Hakuna hata riyali moja. Nimechaguliwa kuwakumbusha wenzangu wodini kusafisha mikono. Basi!

Siwalaumu lakini. Sisi "champion" tunamjua wa uwanjani. Argentina walipowatoa Ufaransa kwa penalti pale Lusail, tarehe 18 Desemba 2022, hao walikuwa mabingwa, na kelele zake nilizisikia mpaka huku. Alphonce Simbu wetu aliposhinda marathoni kule Tokyo Septemba 2025, huyo bingwa wa dunia, wala hakuna ubishi. Ameshindana, ameshinda, medali ipo shingoni.

Sasa Kiingereza kina "champion" wa pili, ambaye hajamshinda mtu yeyote. Ni yule anayesimama kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya watu wengine. Marehemu Wangari Maathai, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2004, Waingereza wanaweza kumwita "champion" wa mazingira. Sisi tunasema mtetezi wa mazingira, na hapo Kiswahili kimewazidi, maana neno lenyewe linakuambia kazi yake. Magazeti siku hizi yanapenda kuandika "kinara", lakini kinara wa mabao naye si ndiye aliyefunga mengi? Tumerudi kule kule kwenye ushindi. Na "bingwa" ndiyo kabisa, kwa sababu kwetu bingwa ni mshindi na pia ni mtaalamu, kama tunavyosema daktari bingwa.

Nikawa najiuliza, hawa Waingereza mbona wameweka watu wawili tofauti kwenye neno moja? Kumbe zamani alikuwa mtu mmoja. Neno linatokana na Kilatini "campus", yaani uwanja. Enzi hizo Ulaya kesi nyingine ziliamuliwa kwa kupigana, na mtu asiyeweza kupigana mwenyewe, kama mwanamke, mzee au kasisi, aliweza kuwakilishwa na mpiganaji. Huyo ndiye "champion". Anaingia uwanjani kwa niaba ya mwingine. Waingereza sheria hiyo waliifuta mwaka 1819 tu. Kwa hiyo utetezi si maana iliyokuja kuongezwa juzi, ulikuwamo tangu zamani. Baadaye wengi tukabaki na kushangilia mshindi, tukamsahau yule aliyepiganiwa.

Mnaweza kusema, dada umeanza kuwa mwalimu wa lugha. Hapana. Ngoja niwaambie jambo ambalo sikuwaandikia nilipotuma picha.

Wiki ya kwanza na beji yangu kulikuwa na mzee mmoja, mfanyakazi mgeni kama mimi, ana mrija umeingia kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Mrija ule ukiingia vijidudu vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Daktari bingwa akatoka kitanda cha jirani, simu mkononi, akaanza kubandua plasta bila kugusa vitakasa mikono. Na mimi nilikuwa pale pale. Champion! Nikanyamaza. Nilijiambia huyu ni mkubwa, mimi nesi tu, mkataba wangu una mwisho, nani ataniuliza... Mzee alinitazama. Hajui Kiingereza wala Kiarabu sawasawa, angesema nini?

Namshukuru Mungu aliondoka mzima. Lakini nilirudi nyumbani asubuhi ile sikulala. Nilikuwa nimeivaa beji kama medali, kumbe nilipewa ili nifungue mdomo kwa ajili ya mtu asiyeweza kufungua wake.

Siku chache baadaye ikatokea tena, daktari mwingine. Safari hii nikachukua chupa nikamnyooshea: "Daktari, hivi hapa." Alinitazama mimi, akatazama beji, akacheka kidogo, akasugua mikono. Sekunde 20 hadi 30, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mapigo ya moyo wangu sitaki hata kuyasimulia.

Na mtetezi si lazima ashinde. Daktari Semmelweis kule Vienna mwaka 1847 aliwalazimisha madaktari kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo vya akina mama wodini kwake vilishuka kutoka kama 18 kwa kila mia hadi kama 2. Wakubwa wengi walimpinga, na mwaka 1865 alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Bingwa? Kombe hakuliona. Lakini mtetezi alikuwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: msiniite bingwa. Niiteni mtetezi wa mikono misafi, hata kama ni refu na halina mvuto kijiweni. Ukimwita mtu bingwa unamuuliza amepata nini. Ukimwita mtetezi unamuuliza anamtetea nani, na hilo swali la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Mama, na wewe nina kazi yako. Mdogo wangu anajifungua mwezi ujao na najua nyumba itajaa wageni, kila mtu anataka kumbeba mtoto akiwa ametoka tu kwenye daladala. Weka ndoo ya maji yenye koki na sabuni pale mlangoni, usimame hapo. Asiyenawa habebi, hata akiwa shangazi! Watakununia, najua. Mtoto hawezi kujisemea, wewe ndiye champion wake. Beji nitakutumia yangu.

Na binamu, ada tutaongea mwisho wa mwezi. Tupo pamoja.